Mizani ya Ziwa Zima Nani Anaihakiki?

Likizo iliyopita nilikuwa Muleba, nimekaa mwaloni na mjomba wangu tukisubiri upepo utulie. Redio ya mtu mmoja pale ilikuwa inaongelea kupungua kwa sangara. Mjomba, ambaye anavua tangu kabla sijazaliwa, akanigeukia. "Mpwa wangu, wewe si ndiye unayesomea mambo ya mawimbi huko chuoni? Hebu niambie, hao samaki nani kawahesabu?"

Nilifurahi, maana kwa mara ya kwanza ada yangu ilikuwa inaelekea kuonekana kazi yake mbele ya ukoo. Nikamweleza kwamba wanahesabiwa kwa sauti. Meli inapita ziwani, inapiga sauti kwenda chini, sauti inagonga samaki na kurudi, kompyuta inajumlisha mwangwi wote, mwisho unapata tani. Akanyamaza kidogo. "Sawa. Na hiyo mashine inayopima, nani kaipima?"

Hapo nikakwama. Jamaa mmoja aliyekuwa anashona nyavu akasema bila kuinua kichwa, "Nshomile kakwama." Watu wakacheka. Kwa msio wa Kagera: nshomile maana yake ni "nimesoma", na kwetu ukiitwa hivyo si lazima uwe unasifiwa.

Nimelifikiria swali lile muhula mzima, na naona ni swali la haki kabisa. Kila mwalo wenye biashara ya maana una mizani, na mizani ile ina stika ya Wakala wa Vipimo. Mvuvi wa Goziba au Ikuza anaijua stika hiyo, na akiikosa atapiga kelele hadi BMU isikie, kwa sababu kilo moja ya sangara ikipunjwa ni hela imeondoka. Lakini mizani inayopima ziwa zima, ile inayotuambia samaki wamebaki kiasi gani, stika yake ikoje? Na ukiletewa leo hapo kwenye kimbweta, wewe na shahada yako ya uhandisi au sayansi ya samaki, unaweza kuisoma?

Niseme hoja yangu mapema ili asiyependa hesabu aondoke nayo. Kuhakiki vifaa vya sauti vya chini ya maji kunaonekana kama kazi ya mataifa yenye maabara za mabilioni. Mimi nasema hapana. Sehemu ngumu ya kazi hiyo ni kuuondoa mwangwi usiotakiwa, na mwangwi huo huondolewa kwa hesabu zilezile za Fourier tunazokariri, kuzitapika kwenye UE, na kuzisahau kabla bumu la muhula unaofuata halijaingia. Tunazo hesabu, tunalo ziwa, na bado tunakaa kama wageni.

Tuanze na ziwa. Kenya, Tanzania na Uganda zilitia saini mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Uvuvi ya Ziwa Victoria, LVFO, mwaka 1994, na makao yake yako Jinja. Tangu mwaka 1999 kumekuwa na safari za kuhesabu samaki kwa sauti kuzunguka ziwa lote, na meli ya utafiti ya TAFIRI, RV Victoria Explorer, ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo. Chini ya meli kuna transdyusa, yaani kidude cha kauri kinachogeuza umeme kuwa sauti na sauti kuwa umeme. Kinapiga mlio mfupi wa masafa ya juu sana, kwa mfano kHz 70 au 120, ambao sikio la binadamu haliusikii, halafu kinasikiliza.

Kitu kinachorudisha sauti hiyo kwa nguvu zaidi ndani ya mwili wa sangara ni bondo. Ndiyo, hilohilo bondo ambalo watu wanaligombania na kulisafirisha Uchina. Nyama ya samaki kwa sauti inafanana sana na maji, ila bondo lina hewa, na sauti ikitoka majini ikakutana na hewa inageuka na kurudi karibu yote. Kwa hiyo ukitaka kusema kwa mkato, meli ya utafiti inahesabu mabondo kabla mchuuzi hajayafikia.

Sasa sikia kosa linavyokua. Mwangwi hupimwa kwa desibeli. Kwenye grafu, desibeli moja ni kaupana ka mstari tu, unaweza usiione. Lakini transdyusa yako ikisoma mwangwi wote desibeli moja juu ya ukweli, tani zako zimepanda kwa asilimia 26. Ikikosea kwa desibeli 3, umezidisha samaki mara mbili. Ikikosea kwa desibeli 3 upande wa pili, nusu ya samaki wa ziwa wamepotea na hakuna aliyewavua. Tuseme ziwani kuna tani 1,000,000 za samaki wa aina fulani. Desibeli moja tu inakuzalishia tani 259,000 za samaki hewa. Tulishazoea watumishi hewa; hawa wanaogelea.

Na takwimu hizi si za kupamba ripoti. Zinaingia kwenye mazungumzo ya nani avue, avue kwa nyavu zenye macho ya ukubwa gani, na lini. Aliyeona nyavu zikiteketezwa kwa moto wakati wa Operesheni Sangara ya mwaka 2018 hahitaji mimi nimweleze kwamba hali ya samaki ziwani ni jambo lenye uzito kwenye maisha ya watu.

Wataalamu wa safari hizi si wajinga. Wanahakiki mashine zao, na njia yao ni nzuri mno hadi inafurahisha. Wanachukua mpira mdogo wa chuma kigumu cha tungsteni kabaidi, kipenyo mm 38.1, yaani inchi moja na nusu kamili, ndugu wa karibu wa gololi za beringi, na kuuning'iniza kwa nyuzi nyembamba za nailoni chini ya transdyusa. Mwangwi wa mpira huo unajulikana kwa hesabu tupu: ukijua ukubwa wake, madini yake, na joto la maji, fizikia inakuambia utarudisha sauti kiasi gani. Mashine ikisoma tofauti, mashine ndiyo inayorekebishwa. Kenneth Foote na wenzake waliandika mwongozo wa njia hii mwaka 1987, na hadi leo ndiyo inayofuatwa duniani kote. Ni kama kuweka jiwe la kilo moja kwenye mizani ya dukani.

Tatizo ni kwamba jiwe hili haliko peke yake. Ukining'iniza mpira ziwani, furu wadadisi wanakuja kuuangalia. Kuna fundo la uzi. Kuna kitu kizito ulichofunga chini ili mpira usipepee. Kuna tope la chini, kuna uso wa maji. Kila kimoja kinarudisha mwangwi wake, na mwangwi ukichanganyika na ule wa mpira, unahakiki mizani kwa jiwe la kilo moja huku mtoto ameegemeza mkono.

Mlio wa milisekunde 0.256, ambao ni wa kawaida kwenye kazi hii, unaweza kutenganisha vitu viwili vikiwa mbali kwa takribani sentimita 19. Samaki akiwa karibu na mpira kuliko hapo, mashine inaona kitu kimoja. Lakini ukipiga mlio unaopanda masafa, kama filimbi inayotoka nene kwenda nyembamba, ukasambaa kwenye upana wa kHz 50, halafu kompyuta ikaulinganisha mwangwi na mlio wenyewe, unaweza kutenganisha vitu vilivyoachana kwa sentimita 1.5. Transdyusa haikubadilishwa umbo wala maji hayakubadilishwa. Ni hesabu tu.

Basi, mimi na wenzangu wawili tukaamua projekti yetu ya mwaka wa mwisho iwe kwenye maji. Mezani walitushauri tufanye programu ya mahudhurio kwa alama za vidole, kama kila mtu. (Nadhani chuo chetu sasa kina programu za mahudhurio nyingi kuliko wanaohudhuria.) Tukang'ang'ana. Tukanunua pete mbili ndogo za kauri ya pizo, kila moja na kipenyo cha kama mm 19, tukaziziba kwa gundi ya epoksi zisiingie maji, tukapata kadi ya sauti ya kurekodia muziki inayochukua sampuli 192,000 kwa sekunde, na tukaazima simtanki ya lita 5,000 nyuma ya hosteli. Pete moja inapiga, nyingine inasikiliza, zimeachana nusu mita katikati ya tanki.

Kwa ukubwa ule wa pete tulitegemea mlima mmoja kwenye grafu, kilele karibu na kHz 50. Tulichopata ni chanuo. Kilele, bonde, kilele, bonde, vitano sita, juu ya pale palipotakiwa kuwa na mlima laini. Mwalimu mmoja aliyepita akasema kauri imepasuka. Mwingine akasema epoksi ina mapovu. Tukaanza kuhesabu hela za kununua pete nyingine, na hela zenyewe hazikuwepo.

Aliyetuokoa ni mwenzetu mmoja ambaye hata hesabu za transfomu alipata kwa sup. Alipima umbali kati ya meno ya chanuo. Kila jino lilikuwa mbali na lingine kwa takribani kHz 1.15. Akasema, "Kitu chenye tabia ya kujirudia hivi hakijapasuka. Kuna sauti inachelewa." Ukigawa moja kwa kHz 1.15 unapata milisekunde 0.87. Sauti kwenye maji yale inakimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 0.87 ni mita 1.3. Tukachukua futikamba. Kutoka pete moja hadi nyingine moja kwa moja ni mita 0.5. Kutoka pete ya kwanza kwenda ukutani na kurudi hadi pete ya pili ni mita 1.8. Tofauti: mita 1.3. Jamani, pete zilikuwa nzima. Tulikuwa tunapima simtanki.

Na simtanki ni mahali pabaya kupita maelezo. Plastiki yake ni nyembamba na nyuma yake kuna hewa, kwa hiyo inarudisha sauti kama bondo kubwa lililokuzunguka. Halafu ni ya duara, inakusanya mwangwi na kuurudisha katikati, kama kioo cha tochi.

Kosa letu lilikuwa kupiga mlio mrefu na kusubiri utulie ndipo tusome, kama unavyopima umeme wa ukutani. Wakati unasubiri, mwangwi wote umeshafika na kuketi. Tiba ya kwanza ni ya aibu kwa urahisi wake: piga mlio mfupi, soma zile milisekunde 0.87 za mwanzo, funga dirisha kabla mwangwi haujagonga, kisha subiri tanki linyamaze ndipo upige tena. Kwenye kHz 50, ndani ya muda ule unapata mizunguko 43 ya wimbi safi. Pete zetu zilihitaji chini ya nusu milisekunde kutulia baada ya kuanza kuimba, kwa hiyo tulibaki na nafasi.

Tiba ya pili ndiyo tuliyoipenda. Unapiga mlio unaopanda, kHz 40 hadi 60, unarekodi kila kitu pamoja na takataka zake. Kwenye kompyuta unagawa kilichopokelewa kwa kilichotumwa, spektra kwa spektra, halafu unarudi kwenye muda. Kinachotokea ni kama gwaride: sauti iliyokuja moja kwa moja inasimama mbele, mwangwi wa ukutani unasimama nyuma yake, wa juu ya maji nyuma zaidi, kila mmoja mahali pake. Unakata baada ya wa kwanza, unabadilisha tena kuwa masafa, na chanuo limekuwa mlima. Siku ile tulipiga kelele hadi mlinzi akaja na tochi.

Hakuna cha bure, lakini. Ukisikiliza kwa milisekunde 0.87 tu, huwezi kuona undani wowote mdogo kuliko hiyo kHz 1.15. Mlima wetu ukawa laini, na huenda ulaini mwingine tumeupaka wenyewe. Na masafa yakishuka, dirisha linakusaliti. Kwenye kHz 1 wimbi moja linachukua milisekunde nzima. Dirisha linafungwa kabla wimbi halijamaliza hata mzunguko mmoja. Hapo kukata hakukusaidii, inabidi ukisie wimbi lingeendelea vipi kutokana na mwanzo wake, na kukisia kunahitaji uijue transdyusa yako vizuri.

Kuna mbinu nyingine ambayo vitabu vinaipenda sana. Mwaka 1963 Bogert, Healy na Tukey walichapisha njia ya kuchukua spektra ya spektra yenyewe ikiwa kwenye logi, ili chanuo kama la kwetu lijitokeze kama nukta moja unayoweza kuifuta. Wakachukua neno spectrum, wakageuza herufi nne za mwanzo, wakaiita cepstrum. Walikuwa wakifikiria mitetemo ya ardhi. Tuliijaribu. Kwa mwangwi mmoja ni tamu. Kwa simtanki yenye mwangwi mia inakupa pilau. Mbinu iliyotufaa zaidi haina hata jina zuri: shika pete zote mbili kwenye fimbo moja, zisogeze pamoja sentimita chache, pima, sogeza tena, pima, halafu chukua wastani. Njia ya moja kwa moja haibadiliki kwa kuwa fimbo ni ileile, ila njia za mwangwi zinabadilika kila mara, na kwenye wastani zinauana zenyewe kwa zenyewe. Fimbo yetu ilikuwa bomba la PVC.

Nasikia mtu anasema: wenzetu wana matanki maalumu, kuta zimefunikwa mpira unaomeza sauti, sisi na bomba la PVC tunaenda wapi? Ngoja nikwambie kuhusu hayo matanki. Mpira wa ukutani unameza sauti ukiwa na unene unaokaribiana na urefu wa wimbi, na kwenye kHz 1 wimbi majini ni mita 1.5. Hakuna anayebandika ukutani mpira wa unene huo. Ndiyo maana matajiri wenyewe, masafa yakishuka, wanatoka nje. Maabara ya taifa ya vipimo ya Uingereza imekuwa ikitumia bwawa la maji la Wraysbury, magharibi ya London. Jeshi la Wanamaji la Marekani lina kituo chake kwenye Ziwa Seneca huko New York, na kingine Ziwa Pend Oreille huko Idaho, mamia ya kilomita kutoka baharini. Wanamaji, wenye bahari mbili, wanakwenda ziwani. Wanatafuta utulivu, na kuta zilizo mbali.

Na sisi? Ziwa Victoria lina takribani kilomita za mraba 68,800. Nakubali si refu kwenda chini, wastani ni mita 40 na pale penye kina zaidi ni kama mita 80. Tanganyika lingefaa zaidi kwa masafa ya chini. Lakini piga hesabu. Maji ya mita 20, ning'iniza pete katikati, mita 10 kutoka juu na mita 10 kutoka chini. Mwangwi wa kwanza unakufikia baada ya milisekunde 13. Ukilinganisha na simtanki ni mara 15, na hujalipia hata shilingi ya ukuta.

Kwa hiyo likizo hiyohiyo ya swali la mjomba nilikuwa nimezibeba pete kwenye begi, zimefungwa kwenye soksi. Alipoona nimenuna akasema, "Kama una mashine yako, twende ukaipime, upepo umeshuka." Tukasogea mahali anapopajua kuwa pana mita kama 20, akashusha nanga ya jiwe, mimi nikashusha bomba la PVC kwa kamba hadi mita 10. Kompyuta mpakato kwenye ndoo kubwa isirukiwe na maji. Mwaloni baadaye ilibidi nieleze sana kwamba yale si mambo ya kufukuza samaki wala ya kuroga mtu.

Mlima mmoja. Safi, bila kukata chochote kwenye zile milisekunde za mwanzo. Nilipoulaza juu ya ule wa simtanki tulioupata kwa hesabu, tofauti haikufika desibeli moja mahali popote karibu na kilele. Nilikaa naangalia skrini kama mjinga. Hesabu tulizofanya nyuma ya hosteli, kwenye tanki baya kuliko yote nchini, zilikuwa zimesema kweli.

Kulikuwa na kitu kingine kwenye rekodi. Karibu na milisekunde 6, kabla mwangwi wa chini haujafika, kitu kilikuwa kinarudisha sauti, kinakuja na kuondoka. Nikamwambia mjomba kuna uchafu kama mita nne na kitu kutoka kwenye bomba, naufuta. Akachungulia. "Uchafu gani? Hao dagaa." Ilinichukua muda kuelewa kwamba mwangwi niliokuwa nahangaika kuuondoa ndio uleule ambao meli ya utafiti inasafiri ziwa zima kuutafuta.

Sasa nirudi kwetu wenyewe. Siilaumu TAFIRI wala LVFO. Uhakiki si chanzo pekee cha makosa kwenye kuhesabu samaki. Sangara aliyelala karibu kabisa na tope haonekani vizuri, na furu wakijichanganya na dagaa kuna kazi ya kuwatenganisha. Ninacholalamikia ni kwamba tani zinapotangazwa, sisi tunaojiita wasomi tunazipokea kama matokeo ya mpira. Hatuulizi zilipimwa kwa uhakiki wa lini, kwenye maji ya joto gani, na uhakiki wenyewe ulitofautiana kwa desibeli ngapi na wa safari iliyopita. Kwenye magazeti yanayotufikia mstari huo haupo, na haupo kwa sababu hakuna anayeudai. Mjomba angeudai kama angejua upo.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi yake ya Kagera huko Bukoba kupitia mradi wa HEET. Kampasi mpya zina tabia ya kuzaliwa na maabara ya kompyuta, ukumbi, na geti kubwa. Naomba watu wa Bukoba na wanafunzi watakaokuja huko wadai kitu kimoja cha ziada na cha bei ndogo: chelezo. Mbao na mapipa, limefungwa mahali penye mita 20, kamba zenye alama, kipimajoto, na kibanda cha kukinga jua. Mwanafunzi wa mawasiliano wa mwaka wa tatu akajifunze kukata mwangwi pale, mwenzake wa sayansi ya samaki akamwambie ni mwangwi gani asiukate. Ukisimama ufukweni Bukoba ukakiangalia Kisiwa cha Musira, kati yako na kisiwa kile kuna maabara ambayo hakuna mfadhili aliyeijenga na hakuna anayeweza kuja kuifunga.

Wapo watakaosema soko la ajira halihitaji wahakiki wa transdyusa. Huenda. Halihitaji pia programu ya 41 ya mahudhurio, na bado tunaiandika.

Siku ya kuondoka mjomba alinisindikiza hadi stendi ya Muleba. Nikamwambia kwa kujiamini kwamba sasa ninaweza kumjibu, mashine nimeipima mwenyewe. Akanitazama. "Pete moja inapiga, nyingine inasikiliza. Umejuaje ipi ndiyo nzuri na ipi mbovu?"

Kweli bwana. Ukiwa na pete mbili, unachopima ni zao la mbili zote. Moja ikiwa na nguvu na nyingine dhaifu huwezi kuzitenganisha. Grafu yangu ilikuwa na umbo sahihi na haikuwa na kipimo halisi. Kuna njia, inajulikana tangu miaka ya 1940: unatafuta pete ya tatu, unazipima mbilimbili kwa zamu, kisha kwa umeme uliopima, umbali na uzito wa maji unapata kipimo cha kila moja bila kuhitaji mashine ya mtu mwingine iliyohakikiwa kabla. Nilimweleza hivyo basi likiwa linawaka injini, akasema haya, njoo nayo.

Nimeiagiza. Inafika mwezi ujao, bumu likiwahi.